Kati ya Pole na Radhi

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya Uingereza, niliitwa kumkalimania bibi mmoja wa pwani ya Kenya aliyekuwa amefiwa na mumewe siku chache kabla. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wahusika wasitambulike; maneno yenyewe sikuyagusa, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike. Tulikuwa watano chumbani: bibi, mwanawe wa kiume, muuguzi, daktari na mimi. Daktari aliinama mbele, akamtazama bibi usoni, akasema: "I am so sorry about what happened." Nami, bila kusita, nikafasiri: "Daktari anasema, poleni sana kwa yaliyotokea." Bibi akajibu kama ajibuvyo mtu wa kwao apewapo pole ya msiba: "Tumeshapoa, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Nikayarudisha maneno hayo kwa Kiingereza. Daktari akainamisha kichwa, akashukuru, na kikao kikahamia kwenye karatasi za kutia sahihi.

Tulipotoka nje, yule kijana alinishika mkono. "Ami," akasema, "yule daktari kasema sorry. Mbona wewe umesema pole?" Nikamwambia ndiyo maana yake. Akatikisa kichwa. Usiku wa kuamkia kifo cha babake, dawa iliyopasa kutolewa saa nne ya usiku ilitolewa alfajiri; jambo hilo hospitali yenyewe ilikuwa imelitaja kwa barua. "Mamangu amejibu pole ya matanga," akasema. "Hakujibu kuombwa radhi, kwa sababu hakusikia akiombwa. Labda yule alimwomba, ami. Labda wewe ndiye uliyemzuia."

Sikuwa na jibu siku ile. Nimelitafuta tangu hapo, na kutafuta huko kumenipeleka mbali kuliko nilivyodhani: kwenye kamusi, kwenye sheria, na kwenye hotuba za wakubwa waliokuja Afrika Mashariki kuzungumza juu ya damu iliyomwagwa na serikali zao.

Kiingereza kina maneno kadhaa ya eneo hili, na wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba yanakaribiana kiasi cha kubadilishana nafasi: "sorry", "regret", "remorse", "apology". Asili zake hazifanani. "Sorry" limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kujawa na maumivu, nalo ni ndugu wa "sore", neno la kidonda. Wengi hudhani ni ndugu wa "sorrow", yaani huzuni, lakini mizizi yake ni mingine. Sauti tu ndizo zilizoyakaribisha. "Regret" lilitoka katika Kifaransa cha kale, ambako lilihusu kumlilia aliyekufa. "Remorse" ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kung'atwa tena, kama kwamba kosa lina meno na humrudia mkosaji. La ajabu zaidi ni "apology". Kwa Kigiriki lilikuwa hotuba ya kujitetea. Ndiyo maana kitabu cha Plato kinachosimulia kesi ya Socrates ya mwaka 399 KK kina jina hilo, ingawa ndani yake Socrates hamwombi radhi mtu yeyote. Anajitetea mpaka mwisho, na anahukumiwa kifo.

Asili ya neno haiwi hukumu juu ya matumizi yake ya leo. Muingereza asemaye "I apologise" hafikirii mahakama ya Athens. Lakini tuangalie jambo moja ambalo maneno haya yameendelea kuwa nalo hadi leo: yote humhusu msemaji. Mimi nimeumia, mimi nalia, mimi nang'atwa, mimi najieleza. Aliyekosewa hatajwi. Anaweza kusikiliza, lakini sentensi imekamilika bila yeye.

Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alipotoa hotuba yake mashuhuri juu ya visingizio mwaka 1956, alisisitiza kwamba tofauti ndogo baina ya maneno yanayofanana si jambo la kupuuzwa na wanaofikiri juu ya maadili. Mfano wake ni wa punda. Wangu na wako wanalisha malisho mamoja. Siku moja namchoka wangu, naenda kumpiga risasi. Nalenga vizuri, anaanguka, na nikikaribia naona kumbe ni wako. Sasa tuseme badala yake kwamba nalenga wangu hasa, lakini wanyama wanasogea na risasi inampata wako. Mara zote mbili nitabisha mlangoni kwako nikiwa na habari ile ile mbaya. Lakini mara ya kwanza nilikosea, na mara ya pili ilitokea ajali, na Kiingereza kina neno kwa kila moja: "mistake" na "accident". Austin alitaka kuonyesha kwamba watu waliotumia lugha kwa vizazi vingi wameweka ndani yake tofauti walizoziona zina kazi. Anayezichanganya huishia kuwachanganya na watu.

Mimi nilipenda kuuliza swali moja: ukishabisha mlangoni, utasemaje? Na hapa ndipo Kiswahili kinapogawanya mambo kwa namna nyingine.

Kwanza kuna pole. Neno hili ni la ukoo mmoja na upole, nalo halina nafsi. Halisemi nani ameumia wala nani ameumiza; tunachokijua ni idadi ya wanaopewa tu, pole au poleni. Hupewa aliyefiwa, aliyejikwaa, anayetoka safari, hata anayefanya kazi juani. Mtoaji hajihusishi na chanzo cha shida, na jibu lake linajulikana: asante, au nimeshapoa. Pole ni mkono unaowekwa begani. Haidai kitu na haikiri kitu.

Kisha kuna samahani na radhi. Samahani ilikuja kwetu kutoka Kiarabu, na kule ilikotoka ni ombi kamili lenye mtendaji na mtendwa: wewe, nisamehe mimi. Niwie radhi imejengwa hivyo hivyo kwa Kiswahili chetu wenyewe: wewe, uwe radhi kwangu. Mtendaji wa kitendo si msemaji. Ni yule anayeambiwa. Msemaji amejiweka mahali pa kutendewa. Hata naomba radhi, inayoanza na nafsi ya kwanza, inaanza nayo ili ipige magoti. Na radhi hiyo ndiyo ile ile tunayoitafuta kwa wazazi, ambayo mtu hawezi kujipa mwenyewe hata akiwa tajiri wa namna gani.

Tofauti ya pole na radhi basi haimo katika wingi wa huzuni. Mtu anaweza kutoa pole kwa machozi na kuomba radhi kwa macho makavu. Tofauti imo katika nani ana uwezo baada ya neno kutamkwa. Nikikupa pole, shughuli yangu imekwisha. Nikikuomba radhi, shughuli imeanza, na iko mikononi mwako: unaweza kunisamehe, kuninyima, kunyamaza, au kuniuliza kwanza nilifanya nini hasa. Kwa sababu hiyo watu wa pwani wanaokwenda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi majirani kabla ya safari. Wamefundishwa kwamba haki ya Mungu na haki ya mja ni mbili, na kwamba aliyemdhulumu mja hatafutiwa kwa toba ya faragha pekee wakati mja mwenyewe yupo jirani, anapika chai.

Lakini "sorry" ya Kiingereza hukaa katika vyumba vyote viwili. Husemwa na mgeni msibani, na husemwa na aliyeua. Msikilizaji hutambua kwa muktadha, kwa uso, kwa sauti. Na mara nyingine hatambui, na msemaji hapendi atambue. Sidhani Waingereza ni wanafiki kuliko sisi. Nadhani neno lenye milango miwili ni mahali pazuri pa kusimama kwa mtu ambaye hajaamua kama anaingia au anatoka.

Sheria ya nchi ninayoishi imelitambua hilo, na imelitumia. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fidia yenye kifungu kifupi: kuomba radhi, au kujitolea kumtibu aliyeumia, hakuwi peke yake kukiri uzembe. Nia ilikuwa njema. Watu wasiogope kusema neno la utu kwa hofu ya mawakili. Kisha, tangu mwaka 2014, hospitali za umma za England zimewekewa wajibu wa kisheria wa kumwambia mgonjwa au jamaa zake ukweli pale tiba inapoleta madhara ya kiwango fulani, na kuwaomba radhi. Nilipoisoma kanuni hiyo nilikuta imeeleza pia maana ya kuomba radhi: ni kuonyesha huzuni au masikitiko kuhusu tukio. Nikacheka peke yangu, cheko lisilo na furaha. Kwa mujibu wa kanuni ile, tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Daktari alitakiwa aonyeshe huzuni, nami nilipeleka huzuni. Radhi ilikuwa imegeuzwa pole kabla sijafungua mdomo.

Kilichofanyika chumbani mle kimefanyika pia mbele ya mataifa. Tarehe 6 Juni 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London akatangaza kwamba serikali yake imepatana na Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau, na kwamba jumla ya malipo pamoja na gharama za kesi ni pauni milioni 19.9. Alitambua kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa utawala wa kikoloni. Kitenzi alichotumia ni "regrets". Katika taarifa ile ile alisema serikali yake inaendelea kukana dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala ule, na kwamba mapatano hayo hayaweki mfano kwa makoloni mengine.

Tumpe mfasiri taarifa hiyo. "Regrets" ataiandikaje? Kiswahili kinamlazimisha achague kati ya kusikitika na kujuta, na maneno haya hayakai pamoja. Naweza kusikitika kwamba mvua imeharibu harusi; siwezi kuijutia mvua. Kujuta ni kwa alilolitenda mtu mwenyewe, au aliloliacha. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, na mjukuu huwa wa mtu fulani, ana babu anayejulikana. Serikali inasikitika kwamba mateso yalitokea, au serikali inajutia mateso iliyoyatenda? Kiingereza hakikumtaka waziri ajibu. Mfasiri hana njia ya kukwepa. Akiandika inasikitika, amemsaidia waziri. Akiandika inajuta, amemwekea mdomoni ungamo ambalo sentensi ya pili ya taarifa yenyewe inalikana.

Miaka 10 baadaye jambo hili lilijitokeza kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi asingethubutu kuibuni. Tarehe 31 Oktoba 2023, mjini Nairobi, Mfalme Charles alizungumzia ukatili uliotendwa dhidi ya Wakenya. Alisema hauna udhuru, na akaeleza huzuni yake kubwa na masikitiko yake makubwa. Neno lilikuwa lile lile, "regret". Kesho yake, tarehe 1 Novemba, upande wa pili wa mpaka, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea, mahali ambapo majeshi ya nchi yake yaliwanyonga viongozi wa Wangoni wakati wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, naye akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda mababu wa waliokuwa wakimsikiliza. Mbele yake walikuwapo wazao wa Chifu Songea Mbano.

Sisemi kwamba Mjerumani alihuzunika zaidi. Mioyo ya wakubwa hatuioni. Wala sisemi kwamba ombi lake lilimaliza deni. Fidia ni swali lililo wazi, na mabaki ya Waafrika waliochukuliwa zama zile bado yamo katika hifadhi za makumbusho ya Ujerumani. Uingereza, kwa upande wake, ililipa fedha bila kuomba radhi, na wapo watakaosema fedha zina uzito kuliko maneno. Nasema hivi tu: siku ile Songea, wazao wa walionyongwa walipewa kitu ambacho wasikilizaji wa Nairobi hawakupewa. Walipewa nafasi ya kujibu. Masikitiko hayajibiwi, hupokelewa tu. Msamaha ulioombwa unaweza kunyimwa, na hapo ndipo ulipo uzito wake. Anayeomba amekubali kwamba kuna mtu mwingine mwenye neno la mwisho.

Hapa nategemea kupingwa kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia ikitumiwa na watu wengi, na mara nyingi na watu wasiofaa. Methali hii ni nzuri inapotoka kinywani mwa aliyekosewa. Ni namna ya kusamehe kwa heshima. Ikitoka kinywani mwa mkosaji, amejisamehe mwenyewe kwa niaba ya mwenziwe.

Nami nisijifanye kwamba Kiswahili kinatuokoa. Tunajua kujificha kama wengine. Ofisi zetu hubandika matangazo ya kuomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza, yaani radhi inayoombwa kabla ya kosa na bila nia ya kuliepuka. Viongozi wetu husema makosa yamefanyika, kana kwamba makosa hujifanya yenyewe. Samahani imekuwa neno la kupitia katikati ya watu sokoni. Na pole, neno hili pole, limewafaa wengi waliopaswa kusema jingine. Mume aliyempiga mkewe jana usiku humpa pole asubuhi, kama jirani aliyesikia habari.

Pia kuna upande wa pili ambao nusura niusahau kwa hasira. Si kila aliyehusika na mauti ana kosa. Mwanafalsafa Bernard Williams, katika maandishi yake ya mwaka 1976 juu ya bahati na maadili, alimfikiria dereva wa lori ambaye, bila uzembe wowote, anamgonga mtoto. Hana hatia. Lakini akisikitika kama wapita njia wanavyosikitika, na asiwe na zaidi ya hapo, tutamwona ana kasoro. Williams aliona kwamba kuna masikitiko ya mtazamaji na kuna masikitiko ya mtenda, na kwamba haya ya pili si sawa na hatia. Nimemfikiria dereva huyo akifika matangani kwetu. Atasema poleni, kama kila mtu, na litakuwa dogo mno. Ataongeza nisameheni. Na wazee watamjibu, hukukusudia, mwanangu. Atakuwa ameomba asichodaiwa na sheria, nao watakuwa wamempa. Kuomba kwake si kukiri uzembe. Ni kusema: jambo hili lilipita mikononi mwangu, sitasimama kando yake kama mpita njia.

Huenda yule daktari alitaka kusema hivyo. Huenda dawa ilichelewa kwa kosa la mwingine, au haikuwa sababu ya kifo. Huenda pia alitaka pole tu, na milango miwili ya lugha yake ilimfaa. Sitajua, kwa sababu sikumuuliza. Mkalimani anaruhusiwa kusimamisha kikao na kuomba ufafanuzi. Ni jambo la kwanza tunalofundishwa. Sikusita, na nilijivunia kutosita. Nilimchagulia mtu mlango, nikamfungia mwingine uwezo wa kujibu. Bibi alimtaja Mungu asiye na makosa, mbele ya watu ambao pengine walikuwa nayo.

Malalamiko ya familia yalikwenda yalikokwenda. Si yangu kuyasimulia. Kanuni za kazi yetu zinatukataza kuwaendea tuliowatumikia, lakini jumuiya yetu ni ndogo, na karibu mwaka mmoja baadaye tulikutana na yule bibi kwenye hitima ya mtu mwingine. Nikamwamkia. Nikamweleza, kwa maneno machache, kwamba siku ile daktari alitumia neno linaloweza kuwa pole na linaloweza kuwa kuombwa radhi, nami nikampa moja bila kumuuliza mwenyewe. "Niwie radhi, bibi," nikasema.

Alinitazama kwa muda. "Wewe nimekuwia radhi," akasema. "Yule hajaniomba. Akija, tutazungumza."

Tangu siku ile, nikilisikia neno lile katika chumba cha namna ile, nainua mkono na kumgeukia msemaji. Namwambia kwamba lugha ninayoipeleka ina maneno mawili kwa neno lake moja: la kwanza linamliwaza huyu, la pili linamwomba. Lipi nipeleke? Wengine hukasirika kidogo. Wengine humtazama muuguzi. Mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu kikao kianze, nipeleke la pili.